Kabla hujaingia pangoni, uliza nani anaishi humo

Ikifika Jumatano, simu yako inaanza kujaa mabango. Suswa Jumamosi hii. Elgon mwisho wa mwezi. Aberdare ukilipa mapema. Nauli ndani, mwelekezi ndani, chai ya njiani ndani, droni ndani. Halafu pale chini, kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo wa simu, kumeandikwa: tutaingia mapangoni. Na hapo ndipo wengi wenu hutuma pesa.

Siwezi kukulaumu. Picha za kileleni zimeanza kufanana zote: mikono juu, mawingu nyuma, bendera ya Kenya mabegani. Pango ni kitu kingine. Giza lake si lile la stima kupotea mtaani, ambapo angalau mwezi upo au jirani ana jenereta. Ukizima tochi mita hamsini ndani ya mwamba, mkono wako huuoni hata ukiuweka mbele ya pua, na baada ya dakika moja unaanza kusikia mapigo ya moyo wako mwenyewe.

Ila kuna jambo ambalo bango halikuambii. Mapango ya milima yetu si vyumba vitupu vinavyokungoja wewe na mbogi yako. Kuna wanaolala humo, kuna wanaofuata chakula humo, na kuna watu waliojificha humo wakiwindwa na ndege za kivita. Wapo pia wageni walioingia wakiwa wazima, wakazunguka, wakarudi nyumbani, na siku chache baadaye wakafariki. Hao tutawafikia.

Tuanze na Suswa, kwa kuwa vijana wengi wa Nairobi huingia pango lao la kwanza huko. Ukitoka Maai Mahiu ukielekea Narok, ni ule mlima ulio upande wako wa kushoto, mpana na mtambarare kama ngao iliyolazwa chini. Wengi hawautambui hata kuwa ni mlima kwa sababu macho yao yako kwa Longonot, upande wa kulia, wenye umbo la volkano uliyochorewa shuleni. Suswa una urefu wa mita 2,356 na kreta mbili, moja ndani ya nyingine. Katikati ya ile ya ndani kuna bonge la mwamba lililozungukwa na bonde la duara, mfano wa kisiwa kisicho na maji.

Mapango ya Suswa hayakuchimbwa na mtu wala mto. Umewahi kuacha uji mekoni ukaota ngozi juu, huku chini ungali moto? Ni hivyo hivyo. Lava ilipotiririka mlimani, sehemu ya juu iliyogusa hewa ilipoa ikawa jiwe, ile ya chini ikaendelea na safari. Chanzo kilipokauka, lava ya chini ikaishia zake na kuacha bomba tupu. Baadaye paa likabomoka hapa na pale, na hayo mashimo ndiyo milango unayoingilia leo. Ndiyo maana ukiwa ndani unaona kuta zimepinda kama za bomba la maji taka, na darini kuna matone ya mawe yaliyoganda kabla ya kudondoka.

Katika mojawapo ya mapango hayo kuna ukumbi mpana. Mwanga unaingia kupitia tundu la paa, na mawe yamejipanga kama viti. Waelekezi wanauita bunge la nyani, kwani nyani hulala humo usiku ili kumkwepa chui. Yatazame yale mawe vizuri: yameng'aa kama sakafu ya benki, kazi ya makalio ya vizazi na vizazi vya waheshimiwa. (Utani kuhusu bunge lile jingine nakuachia wewe. Mwelekezi wako atautoa tu.)

Sasa, nyani hao mchana wako malishoni. Jua likianza kushuka wanarudi nyumbani, na kundi lenye madume ya meno marefu likikukuta umeketi kwenye viti vyao, halitakuuliza kama umelipa kiingilio. Mwelekezi anayekuharakisha saa kumi jioni hakunyimi raha. Anajua ratiba ya bunge.

Ukiingia ndani zaidi utakutana na wenyeji wengine, popo. Suswa inajulikana kwa popo wakubwa wenye masikio mapana yaliyoinama mbele, ambao watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu miaka ya 1960. Hawa hawanyonyi damu ya mtu, tusiletewe sinema hapa. Wanakula wadudu, hasa nondo, na nondo ndiye mama wa wale viwavi wanaomaliza mahindi shambani. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa msimu. Kundi likishtushwa mara kwa mara na spika ya muziki, moshi wa mienge na miale ya kamera, linahama au watoto wanaanguka. Na idadi inayozaana polepole hivyo hairudi haraka.

Kwa hivyo yule jamaa wa kikundi chenu anayebeba spika hadi mlimani, mwambieni aiache kwenye matatu. Najua mtagombana. Gombaneni.

Suswa iko chini ya jamii ya Wamaasai wa hapo, na kiingilio unacholipa kinawahusu wao. Usilipe kwa kinyongo. Huo mlima ni mkavu kiasi kwamba familia zimetega mabomba kwenye nyufa zinazotoa mvuke wa volkano, mvuke unapoa, unakuwa maji, yanakusanywa tone kwa tone. Ukiona mama anakinga maji hapo, ile chupa ya lita mbili uliyobeba kwa ajili ya kunawa uso utaiangalia kwa jicho jingine.

Kabla hatujaondoka Suswa, kuna suala la vumbi. Sakafu ya pango la popo ni samadi iliyokauka. Ndani yake huweza kuota kuvu ambaye, ukimvuta pamoja na vumbi, husababisha ugonjwa wa mapafu unaoitwa histoplasmosisi. Wengi hupata mafua na kikohozi tu, lakini mwenye kinga hafifu anaweza kuugua vibaya. Barakoa ile uliyoitupa droo ya chini baada ya korona, itafute. Na usikimbie ndani ya pango, wala usipige teke sakafu eti upate picha yenye vumbi linalong'aa kwenye mwanga. Hiyo picha nimeiona mara nyingi. Ni nzuri, na kila aliye ndani yake anavuta samadi.

Twende magharibi sasa, Mlima Elgon. Unapitia Kitale, kisha unaingia mbuga ya kitaifa inayosimamiwa na KWS, iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Kilele kirefu zaidi cha mlima huu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda, lakini mapango yanayozungumziwa duniani kote yako upande wetu: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny mdomoni pana pazia la maporomoko ya maji. Kitum ndiyo yenye jina kubwa, na ina wateja wa ajabu kuliko wote: ndovu.

Ndiyo, ndovu wanaingia pangoni. Mvua nyingi ya Elgon imeosha chumvi kutoka kwenye udongo, hivyo majani wanayokula hayana madini ya kutosha. Chumvi ipo ndani ya mwamba. Basi usiku wanapanga foleni, wakubwa na watoto, wanaingia kwenye giza wakipapasa njia kwa mkonga, wanachokonoa ukuta kwa pembe, wanasaga vipande kwa magego na kumeza. Kitum imeingia mlimani takriban mita 200, na ukipitisha tochi ukutani unaona michirizi ya pembe kila mahali, kama ukuta uliochapwa patasi na fundi asiyechoka. Wapo wataalamu wanaoamini kuwa ndovu wenyewe ndio waliochangia kulipanua pango hilo, kizazi baada ya kizazi. Nyati na pongo nao hufuata chumvi hiyo hiyo. Chui na fisi wanafuata walio na chumvi.

Kuna mwanya mrefu sakafuni mwa Kitum ambamo ndovu wachanga wamewahi kutumbukia na kufa. Mnyama aliyezaliwa na mama anayeijua njia bado alitumbukia. Wewe una tochi ya simu yenye chaji asilimia kumi na nne.

Watu nao waliishi humo. Jina Elgon lenyewe limetokana na Elkony, jamii iliyokuwa ikikaa katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao, mahali pa joto na pagumu kwa wavamizi. Mskoti Joseph Thomson alipopita hapa mwaka wa 1883 aliwakuta wakiishi humo, na serikali ya kikoloni baadaye ikawaondoa. Ukikutana na mzee wa Kisabaot njiani, msalimie na umuulize. Mapango haya si "ugunduzi" wa mtu yeyote aliyekuja na daftari.

Sasa wale wageni niliokuahidi. Mwaka wa 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alitembelea Kitum. Siku chache baadaye alianza kuumwa na kichwa, homa ikapanda, akasafirishwa hadi Nairobi na akafia hospitalini. Daktari aliyemhudumia naye akaambukizwa, akaponea chupuchupu. Mwaka wa 1987, mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark alitembelea pango hilo hilo na familia yake, akaugua, akafariki. Wote walikuwa na virusi vya Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola.

Kwa miaka mingi wanasayansi walihangaika kutafuta virusi hivyo vinakaa wapi. Jibu lilikuja kutoka Uganda. Wachimba madini walioambukizwa mwaka wa 2007 katika mgodi wa Kitaka walikuwa wakifanya kazi chini ya maelfu ya popo wa matunda wa Misri, na virusi hai vikapatikana katika miili ya popo hao. Mwaka uliofuata, mtalii kutoka Uholanzi aliingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, akarudi kwao, akafariki. Pango hilo likafungwa, kisha kikajengwa kibanda cha kuwatazamia popo kutoka mbali. Na kama unadhani hizi ni hadithi za zamani, mwaka wa 2024 Rwanda ilipata mlipuko wake wa kwanza wa Marburg. Watu 66 waliambukizwa, 15 wakafa, wengi wa waliougua wakiwa wahudumu wa afya, na uchunguzi ukaelekeza chanzo chake kwenye pango la machimbo lenye popo wa aina hiyo hiyo.

Popo hao wapo Elgon pia. Hii haimaanishi kila anayeingia Kitum anaugua. Watu wengi sana wameingia na kutoka salama kabisa, na watafiti waliolichunguza pango hilo baada ya vifo vile hawakupata virusi kwa urahisi. Inamaanisha kwamba hapo hupashiki ovyo. Mkono haugusi ukuta uliochafuliwa na popo, kidole hakiendi mdomoni wala machoni, vitafunio vinaliwa nje baada ya kunawa. Mwenye kidonda mkononi avae glavu. Popo aliyeanguka haokotwi, hata akiwa mdogo na wa kuhurumiwa. Na ukiona kundi kubwa la popo wa matunda juu yako, ishia pale mwanga wa mdomo wa pango unapofika. Ndovu na michirizi yao utawaona hata kutokea hapo.

Kisha kuna hili ambalo naomba ulikariri, hata ukisahau mengine yote. Dalili za kwanza za Marburg ni homa, kichwa kuuma na misuli kuuma. Malaria tupu, ungesema. Zinaweza kuanza siku mbili baada ya kuambukizwa au zikachelewa hadi siku 21. Ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya kuingia pango lenye popo, usiende kwenye duka la dawa la mtaani kununua za malaria. Nenda hospitali, na jambo la kwanza unalomwambia anayekupokea mlangoni, kabla ya jina lako, ni kwamba uliingia pangoni. Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa bado, lakini matibabu ya mapema ya kuongezwa maji na kutuliza dalili huokoa maisha, na kutaja lile pango kunamwokoa muuguzi ambaye angekushika mikono mitupu. Kumbuka yule daktari wa mwaka wa 1980.

Maji ni hatari nyingine, na hayahitaji popo. Mvua si lazima inyeshe ulipo. Inaweza kunyesha kilomita kadhaa juu, kwako kukiwa na jua, kisha maji yakakufuata kwenye njia nyembamba. Katika mabonde membamba ya Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba mwaka wa 2012, kikundi cha vijana kilichoenda matembezi, na mwaka wa 2019 yakaua wengine. Hayo ni mabonde yaliyo wazi, yenye anga juu. Pangoni huna anga la kukuonya. Msimu wa mvua ya masika, kama mwelekezi anasema hatuingii, pesa mtadaiana baadaye.

Na taa. Kila mtu awe na tochi ya kichwani na nyingine ya akiba mfukoni, pamoja na betri. Simu haihesabiwi. Chini ya mwamba haina mtandao wala ramani, kwa hivyo aliye nje lazima ajue mmeingia wangapi na mtatoka saa ngapi. Kofia ngumu ya mjengo inatosha kabisa, aibu ya kuivaa inaisha paa likikugonga mara moja.

Wakazi wa Mombasa mnaweza kudhani haya ni mambo ya bara. Vilima vya Chyulu vina bomba la lava linaloitwa Leviathan, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Kama umewahi kupanda SGR kwenda Naivasha, lile handaki la Ngong linalokufanya uone sura yako dirishani ni kilomita 4.5 tu. Mvua inayoanguka Chyulu haibaki juu, inazama katika miamba hiyo ya volkano na kuibuka mbali kule Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka Mzima bomba linaileta Mombasa. Chupa unayoitupa kwenye ufa wa Chyulu, basi, unaitupa juu ya tangi la watu.

Nimeyaacha mapango ya Mau Mau mwisho kwa sababu hayo ndiyo tunayoyachukulia kimchezo zaidi. Yapo msitu wa Karura hapa jijini, karibu na maporomoko ya mto, matembezi ya asubuhi tu kutoka barabara ya Kiambu au Limuru, na yanaaminika kuwa wapiganaji walijificha humo. Mengine yako misitu ya Mlima Kenya upande wa Nanyuki, na Aberdare. Hayana ukubwa wa Kitum. Utainama, utaona mwamba mweusi, majina ya wapenzi yaliyochorwa kwa misumari, na utajiuliza kama ndiyo hayo tu.

Ndiyo hayo, ila hesabu kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kati ya 1953 na 1955, ndege za Uingereza, zikiwemo Lincoln zilizoundwa kubeba mabomu mazito, ziliangusha mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Watu waliokuwa chini yake walilala kwenye mashimo kama hayo, juu ya mita elfu mbili na zaidi, bila moto kwa sababu moshi ungewafichua. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepanda cheo hadi kuitwa Field Marshal, alibaki msituni hadi uhuru, na nywele alizofuga tangu huko zilikatwa mwaka wa 2022, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ukilala usiku mmoja kwenye hema la kukodi pale Aberdare, ukiwa na soksi mbili na kulalamika baridi, jaribu kuifikiria hiyo miaka.

Karura yenyewe ingekuwa mtaa wa majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangepigwa na wahuni Januari 1999 wakijaribu kupanda miti humo. Pango la Mau Mau lingekuwa chini ya gereji ya mtu.

Na kuna shimo jingine ambalo hakuna bango la wikendi linalolitaja. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji, wengi wao wanawake, kuchimba handaki la takriban kilomita 80 kando ya msitu wa Mlima Kenya, likawekwa miti iliyochongwa ncha, ili chakula kisiwafikie waliokuwa msituni. Walichimba kwa majembe, wakilindwa kwa bunduki, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Sehemu kubwa imefukiwa na kulimwa, kwa hivyo unaweza kulivuka ukielekea mlimani bila kujua. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na tano akichimba hapo sasa amepita themanini na tano. Kama una cucu huko Nyeri, Kirinyaga, Embu au Meru, mpigie umuulize alichimba upande gani.